Nani Kasema Tunalala?

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikampita mshona viatu, ikakunja kona. Jua la mchana halikuwa na huruma na mtu. Katikati ya foleni alisimama msichana mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, sketi nyeusi, na skafu ya kijani shingoni. Kiatu kimoja cha kisigino alikuwa amekivua, amekishika mkononi, kwa hiyo alisimama upande upande kama meza mbovu.

"Samahani dada," sauti ya kiume ikamwita kutoka nyuma. "Nyie wenye skafu za kijani mmekatazwa kununua dawa nyingine?"

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya bluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, fulana nyeupe, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kivipi?"

"Wa kwanza skafu ya kijani, kanunua ya kichwa. Wa pili hivyo hivyo. Yule kaka mwenye tai ya kijani, naye kichwa. Sasa mimi nangoja nisikie wewe utasema nini."

"Kumbe kazi yako kusikiliza magonjwa ya watu?"

"Hapana, nimekuja kununua plasta." Akamwonyesha kidole kinachovuja damu. "Kusikiliza ni kwa sababu foleni ndefu."

Alipofika kaunta, kabla hajafungua mdomo, muuzaji akamwambia, "Dada, ya kichwa kama kawaida?"

Kijana akacheka mpaka akasahau kidole. Msichana alitaka kukasirika, akashindwa. Alilipa, akavaa kiatu, akaondoka haraka. Kijana akaacha plasta, akamfuata mpaka kwenye ngazi za jengo.

"Niambie basi hata jina."

"Kazini wananiita Sauti."

"Kwa nini Sauti?"

"Umeongea na mimi muda wote huu bado unauliza?"

"Haya, siulizi tena. Namba yako je?"

"Namba yangu imeandikwa kwenye kila kifurushi cha kampuni yetu. Ukipotelewa na mzigo, piga."

Akaingia kwenye lifti, milango ikafunga. Alijua kwamba amemkomesha. Ukumbi wa simu ulikuwa na watu wengi, nani angempata yeye?

Kesho yake mchana, katikati ya wateja waliokuwa wakimtukana kwa sababu ya mizigo yao, hedifoni ikalia.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Ah! Hatimaye. Nimeongea na wenzako mpaka wamenichoka. Nimepotelewa na mzigo."

Moyo wa Sauti ukaruka. Akakaza uso, maana bosi wao alikuwa na tabia ya kuingia kwenye simu za watu na kusikiliza kimya kimya. "Namba ya mzigo tafadhali?"

"Hauna namba. Una skafu ya kijani, na kiatu kimoja mkononi."

Sauti akameza kicheko kikamkwama kooni. "Ndugu mteja," alisema kwa ile sauti yake laini ya kazi, "mzigo huo unatoka saa kumi na moja jioni, mlango wa nyuma. Asante kwa kutuchagua."

Ndivyo walivyoanza.

* * *

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kabisa, maana honi za barabarani zilikuwa zikiingia kwenye simu na wateja wakilalamika. Viti vilipangwa kwa safu. Mwisho wa ukumbi, kwenye chumba cha vioo chenye dirisha lake peke yake linalofunguka, alikaa bosi. Alikuwa mama mmoja wa haja, mtanashati, suti za zambarau na hereni za dhahabu, na kwa sababu hakuna kitu kilichompita, watu walimwita Kamera. Bila yeye kujua, au labda alijua.

Sauti alikaa safu ya ndani, ile inayopakana na stoo ya maboksi. Kulia kwake alikaa Miwani, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kushoto kwake alikaa kaka mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hazimwi.

Asubuhi safu ya ndani ilichapa kazi kama kawaida. Lakini ikifika mchana, jamani! Kichwa kinaanza kugonga taratibu nyuma ya macho. Macho yanakuwa mazito. Mteja anataja jina lake, unaliandika vibaya, unamwuliza tena, anakutukana. Halafu usingizi unakuja, si ule wa uvivu, ni ule wa kukushika shingo na kukulaza kwa nguvu.

Ndiyo maana walikuwa na mtindo wao, wakiuita kupeana bega. Ukizidiwa, unaegemea kiganja kama vile unamsikiliza mteja kwa makini. Jirani yako anasogeza kiti, bega lake linakukinga na kile chumba cha vioo. Simu yako ikilia, anaipokea yeye. Ukiamka, unampa na wewe lako. Hakuna aliyefundishwa, na hakuna aliyewahi kusema nje.

Mpaka Sauti alipompenda fundi.

Maana kijana alikuwa fundi wa viyoyozi. Alizunguka majengo ya mjini na kisanduku chake cha vifaa, mara juu ya paa, mara chini ya dari. Jioni alikuja mlango wa nyuma amenawa, amebadili shati, ananukia sabuni. Walikuwa wakitembea mpaka kituoni huku wakibishana kuhusu kila kitu.

"Leo kichwa kimeuma saa ngapi, mpenzi?"

"Mchana."

"Ukiwa nyumbani Jumapili kinauma?"

"Hakiumi."

"Na Miwani naye? Na wale wa karibu na mlango?"

"Wa mlangoni hawalalamiki sana. Kwani wewe ni mpenzi wangu au daktari?"

"Mimi ni mtu anayetaka kichwa chako kipone nikilalie."

"Kichwa changu si mto, toka!"

Akampiga begani, wakacheka. Jioni moja, kwa kucheka hivyo hivyo, akamsimulia habari ya kupeana bega. Alimwigiza Redio anavyokoroma huku ameshika kalamu. Fundi alicheka kidogo. Akauliza, "Wanaolala sana ni viti vipi?"

Sauti alijibu bila kufikiri. "Cha Miwani ndiyo balaa. Kile cha kwanza ukutani, kando ya stoo."

Alipofika nyumbani, swali lile likamrudia. Wanaolala ni viti vipi? Mwanaume gani anauliza mpenzi wake swali kama hilo?

* * *

"Shoga, nikwambie kitu usinichukie?" Miwani alisema asubuhi moja chooni, huku akifuta vioo vya miwani yake kwa skafu. "Kamera kaletewa moto kutoka kwa wakubwa. Simu zetu zinachelewa kupokelewa. Nasikia katafuta mtu wa nje atuchunguze."

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningekwambia? Ila huyo wako anayeuliza uliza..."

"Wangu ni fundi."

"Umewahi kumwona akitengeneza kitu?"

Sauti akafungua bomba, akanawa mikono. Kweli, hakuwahi.

Upande wa pili, fundi naye alikuwa na lake. Usiku alikuwa akimpigia Sauti, simu inaita mpaka inakata. Anapiga tena, inakata. Mara moja ilipokelewa, akasikia mtu mzima akisema, "Wewe mwanangu, amelala, hebu muache," na ilikuwa ni mama yake Sauti. Siku nyingine akampata mchana, akasikia mwanaume anacheka karibu kabisa na sikio lake.

"Huyo nani?"

"Redio."

"Redio inacheka hivyo?"

"Ni mtu! Jirani yangu."

"Mbona huyo anakuwa na wewe mchana kutwa, mimi usiku hunipokelei?"

"Kwa sababu mchana kutwa nina simu kichwani! Nikifika nyumbani nikisikia mlio tu natamani kutapika. Hata mama simuongeleshi. Unanielewa?"

"Nakuelewa," alisema, lakini hakuelewa. Alilala akimfikiria huyo Redio.

Basi wakawa hivyo, wanapendana huku kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Halafu siku moja, Sauti akitoka kunywa maji, akainua macho kwenye chumba cha vioo. Kamera alikuwa amesimama na mwanaume. Mwanaume kavaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kitambaa, amenyoa, hana vumbi hata chembe. Anaongea kwa mikono, ananyoosha kidole moja kwa moja kwenye safu ya ndani. Kamera anaitikia kwa kichwa.

Alikuwa fundi wake.

Bilauri ilimponyoka. Haikuvunjika, ilikuwa ya plastiki, ila maji yalimlowesha miguu yote na hakuyasikia.

Kabla siku haijaisha, Miwani akaitwa kule kwenye vioo. Alitoka ameshika mkoba wake na mto mdogo wa kiti chake. Macho mekundu.

"Kamera anajua," alimwambia Sauti. "Anajua kila kitu, mpaka neno lenyewe, kupeana bega. Kasema nikae nyumbani mpaka Ijumaa, ndiyo atanipa barua. Baba mgonjwa, wadogo zangu wote wananitazama mimi. Nani kasema tunalala? Eh? Nani kasema?"

Sauti alijua nani kasema, na nani alimwambia huyo aliyesema. Akanyamaza, na huo ukimya ukamuuma kuliko kichwa.

* * *

Jioni alimkuta mlango wa nyuma, na lile shati jeupe, anatabasamu.

"Usinisogelee. Nijibu tu. Nani kasema tunalala?"

Tabasamu likafa. "Mimi."

Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli ulimkuta hana silaha.

"Una akili wewe?"

"Sikutaja mtu. Nilisema viti. Nilisema kile cha ukutani kando ya stoo ndicho kina hali mbaya, mpaka anayekikalia analala..."

"Kiti kinalala? Umeshaona wapi kiti kimelala! Kwenye kiti kuna Miwani, kuna baba yake, kuna wadogo zake!"

"Nisikilize, mpenzi. Kamera aliniita nikague viyoyozi. Akasema baridi ipo, watu ndiyo wavivu. Nikakagua Jumapili, nyie mkiwa nyumbani. Baridi mnayo, hewa ndiyo hamna. Lile tundu la kuingizia hewa safi liko kwenye ukuta wa stoo, wamelipangia maboksi mpaka darini. Mnavuta hewa ile ile mliyoitoa wenyewe, inazunguka tu ikipozwa. Saa sita ikifika mmeshaimaliza. Nikamwambia ahamishe maboksi, akakataa, akasema hana pa kuyaweka. Ndiyo nikamwambia, mama, wanalala kwa zamu, wanapeana bega, hali ni mbaya kiasi hicho. Nilidhani atashtuka."

"Ameshtuka."

"Nilidhani atashtukia hewa."

"Na kwa nini hukuniambia uko kwenye jengo letu?"

"Alinikataza nisiongee na wafanyakazi. Na mimi nikataka siku moja uamke tu mchana umekuwa mwepesi, ndiyo nikwambie ni mimi."

Nusura neno hilo limlainishe. Lakini akakumbuka jioni zote zile, maswali yote yale. "Kwa hiyo ulivyokuwa ukiniuliza kichwa kimeuma saa ngapi, ulikuwa unapima mashine?"

Fundi alikuna kichwa. Angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa rahisi. "Mwanzo nilikuwa nakuuliza wewe. Baadaye nikawa nauliza vyote viwili."

"Nikajua nina mpenzi. Kumbe mimi ni kipimajoto."

"Nitakwenda kwa bosi wako kesho, nimweleze..."

"Utamtajia kiti gani safari hii? Changu?"

Akaondoka. Kwenye basi akaizuia namba yake. Fundi alibaki pale mlangoni mpaka mlinzi akamwuliza kama anasubiri mtu.

* * *

Sauti hakumwamini. Hewa gani? Mtu akikamatwa atasema chochote. Lakini mashaka yana tabia ya kula pande zote, na kesho yake akajikuta ana mashaka hata na mashaka yake. Akajifanya anakwenda stoo kuchukua bahasha. Akajipenyeza kati ya maboksi, mkono ukapapasa ukutani mpaka ukagusa vyuma vya wavu. Akaweka kipande cha karatasi laini mbele ya lile tundu. Hakikutikisika. Kwenye wavu kulikuwa na vumbi zito kama blanketi.

Mchana Kamera akamwita ofisini.

"Simu zako zimeshuka. Zamani wateja walikuwa wakipiga kukuomba wewe. Leo umemwita mteja mmoja kwa majina ya watu wawili."

"Samahani, bosi."

"Samahani hainisaidii. Nataka kujua, na wewe unalala?"

Sauti alisimama pale anasemwa, mikono nyuma, na pole pole akahisi kitu cha ajabu. Kichwa kilikuwa kinaachia. Kadiri anavyosemwa, ndivyo kinavyoachia. Dirisha la Kamera lilikuwa wazi kidogo, pazia linacheza.

"Ndiyo, bosi. Nalala. Na wewe ungelala."

Kamera akavua hereni moja, kama mtu anayejiandaa kugombana. "Unasemaje?"

Alikuwa msichana wa kuongea na watu asiowaona. Kumtazama mtu usoni hivi kulimtoa jasho. "Kaa kwenye kiti cha Miwani mchana mmoja, bosi. Mchana mmoja tu. Mimi nitakaa hapa."

"Huu ni mtego wa yule fundi wako, ama nini? Unadhani sijui mnavyoondoka wote mlango wa nyuma?"

"Siongei naye tena. Amenikosea kuliko alivyokukosea wewe."

Kamera alimkazia macho. "Mtoto wewe, nilikuwa napokea simu wewe ukiwa unanyonya. Haya. Kesho. Na nikimaliza mchana bila kusinzia, Miwani hataondoka peke yake. Mtaondoka wawili."

* * *

Kesho yake ukumbi mzima ulikuwa unajua. Kamera alikuja na suti ya zambarau kali, rangi ya mdomo ya damu ya mzee, akavaa hedifoni kama malkia anavalishwa taji. Akakaa kiti cha ukutani.

Na alikuwa hodari, tusimwonee! Wateja waliokuja na matusi waliondoka na asante. "Mama yangu, mzigo wako nauona hapa, umenikalia moyoni," alimwambia bibi mmoja, na yule bibi akamwombea dua. Redio alifunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kule kwenye vioo, Sauti alikaa kwenye kiti kikubwa cha ngozi, mkoba wake mapajani, tayari kuondoka.

Baada ya chakula Kamera akavua koti. Akamwuliza mteja jina. Akamwuliza tena. Akapangusa paji la uso, akanywa maji, akakaza macho kwenye kioo cha kompyuta kama vile maandishi yanamkimbia. Kiganja kikapanda shavuni. Halafu kichwa chake, pole pole, pamoja na hereni zake, kikaenda chini.

Safu nzima ikageuka. Watu wakaanza kukonyezana, mmoja akatoa simu ampige picha. Mtu aliyewakosesha raha miaka yote hiyo, leo kalala mchana kweupe! Simu ya Kamera ikaanza kulia. Ikalia. Iache ilie, kila mtu alikuwa akisema moyoni, iache wakubwa waisikie.

Redio akamtazama Sauti kupitia kioo. Sauti naye akasimama, hakujua anataka nini.

Redio akavuta pumzi, akasogeza kiti chake, akakipita kiti kitupu cha Sauti. Akampa Kamera bega. Kichwa cha bosi kikatua juu yake. Akanyoosha mkono, akapokea. "Karibu, nikusaidie nini? ... Ndiyo, shangazi. Nakusikia."

Yule mwenye simu ya picha akairudisha mfukoni. Hakuna aliyecheka tena.

Kamera alipozinduka, kitu cha kwanza alichoona ni rangi yake ya mdomo kwenye shati jeupe la mtu.

"Nimelala?"

"Kidogo tu, bosi."

"Simu yangu nani kapokea?"

"Mimi. Karidhika, anakusalimia."

Kamera alivua hedifoni. Alimtazama Redio, akaitazama safu, mmoja mmoja, na ilikuwa kama anawaona bila kioo kwa mara ya kwanza. Akasimama, akashika kichwa. "Kinauma," alisema, kwa mshangao, kama mtoto. Halafu, kwa sauti yake ya kila siku, "Mnanitazama nini? Mpigieni Miwani arudi. Na yale maboksi, naanza kuyatoa mimi. Mwiteni fundi."

* * *

Fundi alikuja na ovaroli yake. Hatimaye Sauti akamwona akitengeneza kitu. Alilala chali kati ya maboksi, akafungua ule wavu, akafuta blanketi la vumbi, akapanda paani, akashuka, akapanda tena. Halafu kitu kikanguruma ukutani, na hewa ikaingia. Ilinukia mvua, lami na moshi wa magari, na watu wa safu ya ndani waliivuta wakifumba macho kana kwamba ni manukato.

Sauti alikuwa na mteja. Hakugeuka. Fundi alipita nyuma ya kiti chake na hakusema neno.

"Alikuja nyumbani," Miwani alimwambia mchana ule, karudi na mto wake mdogo. "Nilipokuwa nimesimamishwa. Alisimama mlangoni, baba akamwuliza wewe nani, akajibu, mimi ndiye niliyemfanya mwanao akae nyumbani. Baba na ugonjwa wake akainuka na fimbo!"

"Akampiga?"

"Angempata wapi, na miguu ile? Alimfukuza tu. Kesho yake karudi, kasimama pale pale. Baba akachoka, akamwambia kaa basi, unaniletea giza."

"Labda alikuwa anatafuta la kumwambia Kamera."

"Shoga! Mimi mwenye kesi nimesamehe. Wewe bado unachunguza?"

Wiki ikapita, Sauti bado alikuwa anachunguza. Simu zake zilikuwa zimepanda, kichwa kimepona, jioni alikuwa na nguvu za kumsimulia mama yake habari za wateja mpaka mama anacheka na kufuta machozi. Kilichomsumbua ni kimoja tu. Mtu aliyesema mara moja, atashindwaje kusema tena? Hata hivyo siku moja akaifungulia namba ya fundi. Akajiambia ni kwa sababu tu kuzuia kunajaza simu.

Ikalia jioni hiyo, akiwa anatoka mlango wa nyuma.

"Usikate," fundi alisema. "Sina maneno mengi. Kamera ameniita leo. Ameuliza, baada ya hewa kuingia, ni kiti gani bado kinasinzia."

Sauti akasimama. Watu wakampita pande zote.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi ni fundi wa mashine, watu awaulize wenyewe. Amekasirika. Kasema atatafuta fundi mwingine. Nimeona nikwambie kabla hujasikia kwa mtu."

Sauti akaibana simu. Kwenye sikio, alisikia upepo.

"Uko wapi?"

"Juu. Kwenye paa."

"Mbona hujashuka? Watu wote wameshatoka."

"Nimekuona hapo chini, nikaogopa."

Akainua uso. Juu kabisa, kwenye ukingo wa jengo, kichwa kidogo kikajificha haraka, kikatoka tena.

"Nataka kuja kwenu," kile kichwa kilisema kwenye simu. "Si kukusindikiza. Kuja, na mjomba wangu, nikae kitako na mama yako."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nakupenda. Na kwamba nilikukosea."

"Anza na la pili. La kwanza analijua, simu zako zimemnyima usingizi vya kutosha."

Kwenye simu kikatoka kicheko, kile cha foleni.

"Ina maana umenisamehe?"

"Ina maana nimechoka kukutazama kwa shingo hivi. Inauma. Shuka."

Alishuka. Kisanduku cha vifaa alikisahau huko huko juu, na usiku ule mvua ilinyesha.